Konzi ya Kwanza

Nchi ya Kweupe usiwaulize majirani, hawatakuonyesha. Hata waliokuwa wakiitawala hawakuijua sawasawa, kwa kuwa waliitazama kutoka dirishani, tena pazia likiwa limefungwa nusu kwa ajili ya jua. Ilikuwa nchi ya uwanda, mahindi na mtama hadi macho yachoke, na katikati yake palisimama Ikulu juu ya kilima cha udongo uliobebwa vichwani na watu, ili Mfalme naye aishi juu kama wafalme wenzake waliojaliwa milima.

Mpango wa nchi ulikuwa rahisi. Juu kabisa Mfalme, chini yake Baraza, chini ya Baraza wakulima, na chini ya wakulima udongo. Wakulima waliwabeba wote wa juu, udongo ukawabeba wakulima, na udongo ndio uliokuwa umeanza kuchoka. Mvua ikinyesha ulikwenda na maji. Kiangazi kikiingia ulipaa na upepo, ukaingia machoni, kwenye uji na kwenye matandiko. Baraza lilikuwa limekwisha kulijadili jambo hilo kwa kina na kuazimia kwamba wananchi wawe wanafumba macho.

Ikulu ilikuwa na bwana wa kila kitu. Alikuwapo Bwana Maji, alikuwapo Bwana Mifugo, hata Bwana Barabara alikuwapo, japo barabara yenyewe ilikuwa moja na ilikwenda Ikulu tu. Na alikuwapo Bwana Miti. Jina la kuzaliwa aliitwa Lugendo, lakini wazazi waliompa jina hilo walikufa mapema, akalelewa na mama yake mdogo, Bi Nyamizi, ambaye hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Kazi yake Bwana Miti ilikuwa kuzunguka mashambani akiwashauri watu wapande miti katikati ya mazao. Alikuwa ameisomea ng'ambo ya mto, akarudi akiwa na vidole vya mtu wa kitalu na moyo wa mtu anayeamini kwamba jambo zuri likielezwa vizuri litafanyika vizuri. Moyo wa namna hiyo ni hatari kuingia nao Ikulu.

Shamba la kwanza alilolifikiria lilikuwa la mama yake mdogo. Alimkuta anapalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Huko Ikulu hakuna chakula?"

"Kipo, mama, ila kina wenyewe." Akachukua jembe mkononi mwake, wakaendelea kupalilia wakizungumza. "Nataka tupande migunga humu."

"Humu wapi?"

"Humu ndani ya mahindi."

Bi Nyamizi alicheka mpaka akaegemea goti. "Lugendo, mwanangu! Nimelima tangu hujazaliwa. Mti unakula mbolea, unakunywa maji, unaleta ndege. Si afadhali nimkaribishe mbuzi? Mbuzi atashiba atoke."

"Mgunga una tabia yake, mama. Mvua zikianza unapukutisha majani, mahindi yanapata jua lake lote, na yale majani yanaoza yanakuwa mbolea. Kiangazi unavaa tena majani, udongo unapata kivuli, haupeperuki. Tunaipanda mbali mbali, matawi ya chini tunayapogolea, unapata kuni hapa hapa. Nipe mavuno machache tu. Ukiona nimekudanganya, ing'oe."

Mama alitazama shamba lake, jinsi lilivyopauka, akatazama upande wa magharibi, mpakani, alikozikwa mumewe. Kaburi lile lilikuwa halina hata kijani, upepo ulikuwa umelilamba hadi mawe yametokeza. Pembeni yake alikuwa ameacha nafasi ya kutosha mtu mmoja, na kila mtu aliyepita alijua ni ya nani.

"Sawa," akasema. "Lakini mmoja uupande karibu na baba yako mdogo. Naye apate kivuli. Halafu siku yangu ikifika tukae pamoja kivulini, maana uhai wetu wote tumeumalizia juani."

Hapo inabidi nikueleze desturi za Kweupe, la sivyo utawaona watu wale wajinga, na hawakuwa wajinga. Kule, mti haukuwa mti tu. Mti ulikuwa ushahidi. Mtu aliyetia konzi ya kwanza ya udongo kwenye mizizi ya mche ndiye aliyekuwa mwenye mti, na mwenye mti ndiye mwenye ardhi iliyofunikwa na kivuli chake. Baba akitaka kumgawia mwanawe kiwanja alimpeleka, akachimba shimo, akamwambia, "Tia." Mtu akikukodishia shamba alikuambia lima utakavyo, ila usipande mti. Mambo hayo hayakuandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kuyagombania.

Desturi ya pili ilikuwa ya adabu. Mgeni alipewa cha kwanza cha kila kitu. Sahani ya kwanza ya mgeni, kibuyu cha kwanza cha mgeni, hata maji ya kunawa hukuyagusa kabla hujammiminia mgeni. Desturi hizi mbili zilikuwa zimeishi pamoja miaka na miaka bila kukutana, kwa sababu hakuna mgeni mwenye akili timamu aliyekwenda kutembelea watu siku wanayopanda mti. Angekwenda kufanya nini?

Habari za mpango wa Bwana Miti zilipofika Ikulu, Mfalme alizipenda ghafla. Akatoa miche kutoka kitalu chake, akatangaza kwamba upandaji wa kila shamba utahudhuriwa na ujumbe wake. Yeye mwenyewe hakwenda, jua lilikuwa likimdhuru ngozi. Alimtuma Waziri wa Mashamba, mtu mrefu, mpole wa kauli, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akikohoa.

Bwana Miti alifurahi kupita kiasi. Alitangulia kijiji hadi kijiji akiwaambia watu, "Jamani, Waziri mwenyewe anakuja! Fagieni, tandikeni mikeka." Na watu wakafagia.

Kwa Bi Nyamizi ujumbe ulifika asubuhi na ngoma. Mashimo yalikuwa tayari, mama amevaa kanga yake ya sikukuu. Alichota konzi ya udongo, akainama penye shimo la kwanza, kisha akakumbuka adabu. Mgeni yupo amesimama, naye anataka kuanza! Aliona aibu mpaka akaumwaga ule udongo.

"Karibu, baba," akamwambia Waziri. "Anza wewe."

"Mimi?" Waziri akasema. "Mama, shamba ni lako."

"Wewe ni mgeni wetu. Karibu, karibu sana."

Waziri aliinama, akachota, akatia. Akaenda shimo la pili, akatia. Alizunguka shamba zima hivyo hivyo, pole pole, na penye shimo la karibu na kaburi alivua hata kofia. Watu walitazamana kwa mshangao, mtu mkubwa vile anashika udongo! Msimu huo mzima mkono wa kulia wa Waziri ulikuwa mwekundu kwa udongo wa mashamba ya watu, na kila alipopita aliacha sifa. Bwana Miti alikuwa nyuma yake akibeba miche.

Miti ilishika. Haki ya Mungu, kwa hili Bwana Miti hakuwa amedanganya. Mvua za kwanza zilikuta vijiti, za pili zikakuta vichaka, na baada ya mavuno kadhaa migunga ilikuwa imempita mtu kimo mara nyingi. Udongo ukatulia. Mahindi ya Bi Nyamizi yalibeba hadi akaomba msaada wa kuvuna. Alimwona Bwana Miti anapita njiani akampigia vigelegele, akawaambia majirani, "Yule ni mwanangu, mnamjua? Yule!" Ilikuwa furaha ya kweli, na ninaieleza kwa haraka kwa sababu haikudumu.

Mwaka huo kiangazi, miti ikiwa imejaa majani, mpiga mbiu alishuka kutoka Ikulu. Tangazo lilikuwa la heshima sana. Mfalme aliwapongeza wakulima kwa kuitunza miti yake. Kwa kuwa konzi ya kwanza ilitiwa na mkono wa Ikulu, na kwa kuwa Mfalme anaheshimu mila za wazee kuliko mtu yeyote, ardhi iliyo chini ya vivuli hivyo sasa inarudi kwa mwenyewe. Wananchi wasiwe na hofu. Hakuna atakayefukuzwa. Watakaoishi kivulini watahesabiwa kuwa ni wageni wa Mfalme, na watatunzwa kama wageni.

Mgeni kule Kweupe alipolima shamba la mtu alitoa nusu ya mavuno. Mgeni hakujenga bila ruhusa. Na mgeni akifa hakuzikwa katika ardhi ya mwenyeji. Alipelekwa nyuma ya kilima, kwenye makaburi ya wapita njia, ambako hakuna mtu anayejua nani kalala wapi.

Bi Nyamizi alilisikiliza tangazo hadi mwisho. Hakuuliza habari ya mavuno. Alimuuliza Bwana Miti kitu kimoja tu: "Pale kwa baba yako mdogo, kivuli kinafika?"

Bwana Miti alikwenda Ikulu kwa miguu, hakusimama hata kunywa maji.

Walimruhusu aingie barazani, kwa sababu Baraza lilikuwa linapenda wataalamu. Mfalme alikuwa ameketi chini ya mwavuli, ndani ya nyumba. Kulia kwake alikaa Waziri wa Mashamba. Kushoto alikaa Mzee wa Desturi, mtunza mila za nchi, ambaye kazi yake ilikuwa kulala mpaka atakapoulizwa na kukubali akiamshwa.

"Bwana Miti!" Mfalme akasema. "Kijana wetu. Miti yetu imependeza."

"Mtukufu Mfalme, nimekuja kwa ajili ya watu. Waliitoa ile konzi kwa adabu tu. Walikuwa wanakukirimu."

"Nasi tumeukubali ukarimu wao," Mfalme akasema. "Ulitaka tuukatae? Si tungewavunjia heshima?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakifikiria jinsi ambavyo wakulima wangevunjiwa heshima.

"Wakiitunza vizuri inakua, Mtukufu," Bwana Miti akaendelea. "Ikikua kivuli kinapanuka, na kivuli kikipanuka shamba linakwenda. Nimewafundisha watu kutunza kitu kinachowanyang'anya."

"Ndiyo maana tunakusifu," akasema Waziri kwa upole.

Bwana Miti aliona njia zinafungwa. Akapiga moyo konde akaitoa hoja yake kubwa, aliyokuwa ameitunga njia nzima. "Mheshimiwa Waziri, ardhi haiwezi kupimwa kwa kivuli. Kivuli hakitulii! Adhuhuri ni kidogo, kiko chini ya matawi tu. Jua likielekea magharibi kinarefuka, kinavuka tuta, kinavuka hata mpaka, kinaingia kwa jirani. Mpimaji akija adhuhuri atasema hivi, akija jioni atasema vingine. Kitu kisicho na kipimo kimoja hakiwezi kuwa sheria."

Wajumbe wakatazamana. Bwana Miti alidhani amewaweza. Moyo wake uliruka kwa furaha, nami hadi leo nikikumbuka furaha ile namwonea huruma.

Waziri aligeuka taratibu. "Ni kweli," akasema. "Sisi tulikuwa tumepanga kupima adhuhuri."

"Adhuhuri," Mfalme akarudia.

"Kumbe jioni ni kirefu zaidi." Waziri alimwinamia Bwana Miti kidogo, kama anavyofanyiwa mtu aliyeleta zawadi. "Mtaalamu wetu ana haki, Mtukufu. Sheria haiwezi kuwa na vipimo viwili. Tuchague kimoja. Mzee wa Desturi, mila inasemaje kuhusu jioni?"

Mzee aliamshwa. "Ndiyo," akasema, akarudi kulala.

"Basi ni jioni," akasema Mfalme, "kabla tu jua halijazama. Na kwa kuwa hakuna anayekijua kivuli kuliko Bwana Miti, kamba ya kupimia ashike yeye."

Alijaribu kukataa. Waziri alimshika bega akamtoa nje, akamwambia kwa sauti ya mtu anayemtakia mema, "Ukikataa tutampa mwingine, naye atakuwa na kamba ndefu zaidi. Wewe angalau una huruma." Na Bwana Miti akaichukua kamba. Wengi wamechukua kamba kwa maneno hayo hayo.

Basi ikawa kila jioni ya kiangazi kile anaonekana Bwana Miti mashambani, askari wawili nyuma yake, akingoja jua lishuke. Vivuli vilitambaa juu ya mabua, juu ya matuta, vikapanda kuta za nyumba. Palipoishia ncha ya kivuli alipigilia kigingi. Jirani yake Bi Nyamizi, bwana mmoja mbishi ambaye hakuwa amepanda hata mchicha, alijikuta ni mgeni ndani ya jiko lake mwenyewe. Watu waliokuwa wakimwita Bwana Miti kunywa uji sasa walifunga milango wakimwona, na waliosalia nje walimwangalia tu. Hilo la kumwangalia ndilo lililomkosesha usingizi.

Alifanya alichoweza, na alichoweza kilikuwa kidogo. Aliwanong'oneza watu wapogolee matawi, kivuli kipungue. Ikatoka amri kwamba kupogolea mti wa Mfalme ni kumkata Mfalme kidole, na mkulima mmoja aliyeshikwa na panga na tawi bichi hakuonekana tena gulioni. Wengine walimwaga maji ya chumvi kwenye mizizi. Ikatoka amri kwamba mti ukikauka kivuli chake kitahesabiwa kama kilivyokuwa siku ulipostawi sana. Kila mlango alioufungua Bwana Miti kwa wakulima, Baraza liliupitia kuingia.

Alipofika shambani kwa mama yake mdogo alipima kama alivyopima kwa wengine, askari wakimtazama. Kivuli cha jioni kilikwenda mashariki. Kilichukua mahindi, kikachukua ua, kikachukua nyumba aliyolelewa ndani yake. Bi Nyamizi alikaa kizingitini, kivuli kikampanda miguuni, kifuani, usoni. Hakusogea.

"Magharibi je?" akauliza.

"Magharibi hakifiki, mama. Jioni kinakwenda upande huu tu. Kaburi limebaki kwetu."

Ndipo alipotabasamu, mara ya kwanza tangu tangazo. "Basi wameniachia pa muhimu. Hiyo nyumba nilikuwa nalala tu. Na mahindi nitakula nusu, meno yenyewe yamebaki nusu." Akaingia ndani, akamwekea chai, wakainywa wote wawili wakiwa wageni.

Mfalme alianguka siku ambayo haikuwa na dalili yoyote. Baraza lilikuwa limekaa kugawana mavuno ya wageni, na Waziri wa Mashamba akaomba kuuliza swali dogo la mila.

"Mti ni wa nani?" akauliza.

"Wa mkono uliotia konzi ya kwanza," akasema Mfalme, akichagua mtama mweupe.

"Mkono upi?"

Mfalme alinyanyua uso. Waziri alikuwa ameinua mkono wake wa kulia, na wajumbe wote walikuwa wakiutazama. Mfalme akaitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa laini, safi, haikuwahi kugusa udongo hata siku moja. Mzee wa Desturi aliamshwa, akasema ndiyo, akarudi kulala. Kabla ya chakula cha mchana Mfalme alikuwa amekwisha kuwa mgeni Ikulu, na jioni alishushwa kilimani kwa barabara ile ile moja, mwavuli amebeba mwenyewe.

Ee, watu walivyocheza! Ngoma ziliwaka kila kijiji. Wazee walitoka na mikongojo, wanawake walipiga vigelegele njiani. Hata yule jirani mbishi alicheza. Bwana Miti aliitupa kamba juu ya paa, akamkumbatia mama yake mdogo. Waziri aliyejua udongo kwa mkono wake amekuwa Mfalme! Penye shimo la karibu na kaburi alivua kofia, wanakumbuka? Mtu wa namna ile angesahau?

Hakuwa amesahau. Tangazo lake la kwanza lilikuwa refu na zuri, liliwaliza watu. Alisema amekisikia kilio cha wananchi. Alisema kipimo cha jioni kilikuwa cha dhuluma, kimewaumiza wa mashariki ya miti huku wa magharibi wamekaa raha mustarehe. Katika utawala wake raia wote watakuwa sawa. Kwa hiyo, kuanzia sasa, kivuli cha asubuhi nacho kitapimwa.

Waliokuwa wameshika ngoma waliziweka chini. Baadaye watoto wa Kweupe waliwauliza wazazi wao kwa nini hawakusimama siku ile, wakiwa wote wapo barabarani, tena wana mikongojo na vigongo vya ngoma mikononi. Wazazi walikuwa wamechoka kwa kucheza.

Mchana wa siku ambayo kesho yake angepima upande wa magharibi, Bwana Miti, aliyekwisha kurudishiwa kamba, alichukua panga akaenda moja kwa moja kwenye mgunga wa kaburini. Alikuwa ameupiga pigo la kwanza, utomvu umeanza kutoka, aliposikia mkono umemshika kiwiko.

"Acha," akasema Bi Nyamizi.

"Niache, mama! Mimi ndiye niliyekuletea. Ungemkaribisha mbuzi wako ungekuwa na shamba leo. Niache niukate!"

"Ukiukata watahesabu kivuli chake vile vile, ndivyo amri inavyosema. Halafu watakuchukua wewe. Nimetoa shamba, nimetoa nyumba, sasa nitoe na mtoto?" Akamnyang'anya panga, mkono wake mzee ulikuwa na nguvu za kulima. Akachota udongo, akaulainisha kwa mate, akaupaka penye jeraha la mti. "Na mti wenyewe una kosa gani? Umefanya yote uliyoniahidi. Tazama mahindi."

Bwana Miti alikaa chini akalia kama alivyolia siku alipoletwa pale, mdogo, hana wazazi. Mama alimwacha alie.

Alfajiri askari walikuwa wamefika kabla ya Bwana Miti. Bi Nyamizi alikuwa amekwisha kuwako pia. Alikuwa amelala chali kwenye ile nafasi yake, pembeni ya mumewe, amejifunika kanga ya sikukuu, macho yake wazi yakitazama matawi. Jua lilichomoza nyuma ya mgunga. Kivuli kikaanguka upande wa magharibi, kirefu, chepesi, kikapita juu ya mawe ya kaburi, kikapita juu yake, kikaendelea mpaka mpakani na kuvuka.

"Kimefika?" akauliza bila kuinuka.

"Kimefika, mama."

"Kimepita?"

"Kimepita."

Alivuta pumzi. Kivulini palikuwa na ubaridi mzuri, kama alivyoahidiwa.

"Basi pigilia, mwanangu. Wasikuone umesimama bure." Alingoja mpaka nyundo ilipogonga na kunyamaza. Kisha akasema, "Ila nisikilize. Siku yangu ikifika watanipeleka nyuma ya kilima, kwa wapita njia. Ujumbe utakuja, na ngoma, maana hawa hawakosi. Watasimama pale na mikono yao. Na wewe nimekulea kwa adabu, najua utataka kusema karibu."

"Mama..."

"Usiseme karibu. Konzi ya kwanza unitie wewe."